Mwaka wa Maji Mdomoni

Sikuanguka majini. Naanza na hilo kwa sababu mwezi uliopita, mtaani Kamenge, chini ya turubai na mbele ya ukoo mzima, Dido alishika maikrofoni akasema nilianguka majini, tena akaongeza kwamba mabuti yangu yalionekana yakielea. Tulikuwa tumekwenda kuondoa matanga ya Mzee Severini, aliyetufundisha kazi sisi watatu, mimi na Dido na Evarisiti, kwenye mbuga ya Rusizi. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu tumzike, na kwetu Bujumbura siku ya kuondoa matanga si siku ya kulia tena. Watu hula, hunywa, na husimama mmoja mmoja kutoa hotuba, ile ambayo Warundi huiita ijambo. Na ijambo lina heshima yake: mwenye kulitoa husimama wima, chupa hazifunguliwi mpaka amalize, na hakuna anayemkatiza hata akidanganya waziwazi. Kwa hiyo nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki, mimi ninayejulikana mtaa mzima wa Buyenzi kwa mdomo, nikamsikiliza Dido akinizamisha mtoni huku wajukuu wa marehemu wakinigeukia na kucheka. Nilicheka pia. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko, maana Mzee Severini angekuwapo angeinamisha kichwa tu na kusema, "Dido, punguza."

Basi nimeamua kuandika mambo kama yalivyokuwa. Sitaanza na ukoo wangu, nani alitoka Ujiji na nani alizaliwa mtaa gani. Watu wa Buyenzi wanajua, na wengine hawana haja. Naanza na asubuhi niliyofika kwenye lango la mbuga nikiwa na miaka ishirini na mitatu, juu ya velo, yaani baiskeli, ya kuazima, chapati nne kwenye kopo, na mabuti makubwa kuliko miguu yangu. Ulikuwa mwaka ambao watu wa mji walikuwa wameanza tena kutoka siku za Jumapili, kwenda ufukweni, kwenda kutembea tu, baada ya miaka mingi ya kujifungia ndani mapema. Mbuga ilihitaji mtu wa kuongoza wageni. Nafasi ilikuwa moja, na tulioitwa kufanya staje, yaani mwaka wa majaribio, tulikuwa wawili: mimi na Evarisiti wa Kinanira, kijana mpole aliyepiga pasi hadi soksi, aliyesoma biolojia na kujua kila ndege kwa Kifaransa na kwa Kilatini. Mimi nilijua viboko namna kila mtu wa Bujumbura anavyowajua, kwa sababu jioni hutoka ziwani wakaja kula majani kwenye viwanja vya watu. Lakini niliitaka ile kazi. Sijawahi kutaka kitu namna ile, si kabla wala baada. Shangazi yangu alikuwa ameshanitafutia mahali pa kuuza vitenge katika duka la shemeji yake, akanipa mwaka mmoja wa kuchezea matope. Ukiisha bila kazi, nirudi nikakae nyuma ya meza. Kila nilipoiwaza ile meza nilikosa pumzi.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha matofali chenye bati juu, na mchana bati lile lilitoa milio kwa joto. Ndani mlikuwa na meza, mabenchi mawili, ramani ya mbuga iliyochorwa kwa mkono na mtu aliyesahau kuweka barabara, jerikeni la maji ya kunywa, na fuvu la kiboko lililozuia mlango usibamizwe na upepo wa ziwa. Harufu yake ninayo hadi leo: petroli, samaki wa kuchoma, na mabuti yaliyolowa. Mzee Severini alikuwa mfupi, mkavu, mtu wa Kamenge, Mkatoliki wa misa ya kila alfajiri, na maneno yake ya siku nzima ungeyahesabu kwa vidole bila kuhitaji vya miguu. Siku ya kwanza aliniomba nijitambulishe. Nikajitambulisha. Nilimweleza shule, mtaa, velo, shangazi, duka, sababu za kupenda wanyama na sababu za kutopenda vitenge.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Bado kidogo, Mzee."

"Basi endelea. Mi nakwenda kunawa."

Akatoka kweli, akanawa, akazunguka kuangalia boti, na aliporudi alinikuta bado namsimulia Dido. Huyu Dido ndiye aliyekuwa mwendesha boti wetu. Aliongea kunizidi, ila yeye aliruhusiwa, maana alikaa nyuma karibu na injini na hakuna aliyemsikia.

Safari yangu ya kwanza majini iliharibika kabla haijafika katikati. Tulikuwa na familia moja ya Kigobe, baba, mama na watoto wanne waliovalishwa kama wa sikukuu. Tulipokata kona ya kwanza, pale matete yanapoachia na mto kufunguka kuelekea ziwani, nikaona masikio mawili madogo yakitikisika juu ya maji. Nilikuwa nimeona viboko mara ngapi maishani mwangu? Lakini mchana, nyumbani kwao, nilikuwa sijawahi. Nikapaza sauti iliyosikika ng'ambo: "Ule pale! Ule pale! Tazameni!" Mwari, wale ndege wakubwa wenye mfuko mdomoni, waliokuwa wamejipanga kwenye kisiwa cha mchanga wakaruka wote. Masikio yakazama. Ile familia ilirudi mjini ikiwa imeona mapovu. Mzee Severini alingoja hadi tulipofunga boti. Ndipo akaingia ofisini, akamimina maji ya jerikeni kwenye kikombe cha bati, akanipa.

"Kunywa."

Nikanywa, nikashukuru, nikamrudishia kikombe. Akakijaza tena.

"Apana. Usimeze. Kila safari, maji ikae mu kinywa mpaka tunarudi."

"Mpaka tunarudi, Mzee? Saa nzima?"

"Ukimeza, mi nitajua. Ukitema, mi nitajua. Ukisema, kila mutu atajua."

Hivyo ndivyo nilivyofanya staje yangu. Wenzangu wa shule walikuwa wakifanya staje kwenye mabenki na mahospitali, wakiwa na beji shingoni. Mimi nilikuwa na maji mdomoni. Kila tulipopanda boti nilipiga funda moja, nikavimbisha mashavu, nikakaa. Mwanzoni nilikuwa nameza kabla hata injini haijawaka, na Mzee, bila kunigeukia, alikuwa akininyooshea kikombe kingine. Baadaye nikazoea. Wageni walidhani naumwa jino. Mama mmoja alinipa karafuu niweke kwenye ufizi, na kwa sababu sikuweza kumwambia sina jino bovu niliipokea kwa mikono miwili na kuinama.

Siku niliyoshindwa kabisa naikumbuka hadi rangi ya shati. Tulikuwa na wazee wawili, mume na mke, wa Kinanira, waliooana muda mrefu kiasi kwamba walibishana kwa starehe. Njia nzima walikuwa wakibishana kama kiboko ni ndugu wa nguruwe au wa ng'ombe. Evarisiti akawaeleza kwa adabu kile kilichoandikwa kwenye vitabu, hawakumjali. Mwishowe yule mama akanigeukia, akaona kitambaa changu kichwani.

"We binti Muislamu, kwenu hii nyama inalikaka?"

Nikavimbisha mashavu, nikatikisa kichwa kwamba sijui kama huliwa.

"Muulize kwanza kiboko," akasema mumewe, "kama yeye anakulaka Baislamu."

Maji yote yalitoka. Yalimpata yule mzee mgongoni, shati jeupe, kuanzia kola hadi mkanda. Yule mzee akajipapasa, akatazama juu kama anatafuta wingu, halafu akasema polepole, "Anakulaka." Mkewe alicheka mpaka akajilaza begani kwangu, na mimi nikacheka kwa sauti yangu yote, na kwa mara ya kwanza nilimwona Mzee Severini, kule mbele alikokaa, mabega yakimtikisika. Hakugeuka, lakini niliyaona.

Sasa nilipokuwa siwezi kusema, nilibaki na masikio. Evarisiti alikuwa na daftari la ndege; mimi nikajikuta nawasoma wageni. Sikuandika popote, yaliingia tu. Nilijua kwamba anayesema "mi siogopi" ndiye anayeshika ukingo wa boti hadi vidole vinakuwa vyeupe. Nilijua kwamba wachumba huacha kutazama wanyama baada ya robo saa. Nilijua wale wanaokuja kwa kishingo upande, wanaonung'unika, "Kwa nini tutoke mujini, viboko banapitaka mbele ya kwangu bure?" na kwamba hao hao ndio wasiotaka kurudi. Na nilijua namna mtu mzima wa Kirundi anavyojiandaa kutoa ijambo. Kwanza watu wananyamaza bila kuambiwa. Kisha macho yanamwendea mkubwa wao. Naye anavuta suruali kidogo juu ya magoti, anakohoa mara mbili, anaangalia chini kana kwamba hakutarajia. Baada ya hapo atasimama, na hakuna nguvu ya kumzuia. Nililiona hilo mara nyingi ufukweni, kwenye kibanda cha nyasi ambako wageni walikuwa wakinywa baada ya matembezi. Nililiona na kulipenda, kwa sababu mimi mwenyewe hakuna nilichokipenda duniani kama mtu anayesimama na kusema vizuri.

Chakula cha mchana tulikula nyuma ya ofisi, kwenye kivuli cha ukuta. Dido alichoma mukeke, samaki wa ziwa letu, kwenye jiko lililotengenezwa kwa rimu ya gari, na bugari, ugali wetu, akaisonga mwenyewe kwa sababu alisema wanawake wa Buyenzi wanasonga laini mno. Mzee Severini alikuja na maharage yaliyopikwa na ndizi, sufuria imefungwa kitambaa, kutoka kwake Kamenge. Evarisiti alileta mkate na yai la kuchemsha, na kila siku tulimnyang'anya yai, na kila siku alileta moja tu. Mimi chapati. Tulikula kwa mikono, sahani moja, na pilipili ya Dido ilikuwa ikitutoa machozi wote. Nimekula katika hoteli tangu wakati ule, nimealikwa kwenye harusi za watu wakubwa, lakini nikiulizwa ni wapi nilishiba nitasema nyuma ya ile ofisi.

Ulipofika Ramadhani nilimwendea Mzee asubuhi ya kwanza, kabla hajajaza kikombe. Hata hakuningoja niseme. "Mwezi huu maji apana," akasema. "Nyamaza kwa nguvu yako." Wakahamisha jiko upande wa pili wa ofisi kwa ajili yangu, ila moshi wa mukeke ulizunguka nyumba nzima kunitafuta. Evarisiti akasema atafunga nami siku moja kwa urafiki. Kufika adhuhuri alimwita mnandi mwari, akajisahihisha, akamwita kuku. Dido akamlaza kivulini na kumpepea kwa ramani. Mimi nilipita mwezi ule mzima mbele ya wageni bila maji na bila maneno ya ziada, na sikujua kwamba nimejifunza kitu. Ilipopita Idi nikangoja kikombe. Hakikuja. Mzee alisahau, au alijifanya kusahau. Sikumuuliza kwa sababu niliogopa angekumbuka.

Wiki ya mwisho ya staje, Mzee alitukalisha kwenye benchi mimi na Evarisiti. "Jumamosi," akasema, "kila mutu na bageni yake. Mi nitakaa kando, nitaangalia." Hakueleza zaidi. Usiku wa kuamkia Jumamosi nililala kwa vipande, na asubuhi shangazi alinipa chai na kuniambia kitenge kipya kimefika dukani, cha rangi ninayopenda. Alikuwa hana nia mbaya. Nilikunywa chai nikitaka kulia.

Evarisiti alikwenda saa mbili na wageni wachache wenye kamera. Alirudi tai imenyooka. Alikuwa amewaonyesha mdiria, mamba wawili, na nzohe, yule paa wa matopeni ambaye mimi mwaka mzima nilimwona mara mbili tu. Wageni walimshika mkono mmoja mmoja. Mzee alitikisa kichwa mara mbili, na Dido akanong'ona, "Zubeda, kaza mukanda." Saa nne wakafika wangu: ofisi moja ya serikali kutoka Kigobe, watu kumi na wawili, wamevaa vizuri kuliko walivyovaa kazini. Mkubwa wao, Direkta, alikuwa na suti ya rangi ya maziwa. Mkewe alikuwa na miwani mikubwa na sauti ya mtu aliyelea watoto wengi. Na walikuwa na kreti la soda na bia, limefunikwa kitambaa cha mezani chenye maua.

"Kreti ibaki hapa, mama," nikasema. "Tutakunywa tukirudi."

"Mutoto yangu, na jua hii? Tutakaukia mu maji?"

Nikamtazama Mzee. Mzee alikuwa anatazama ziwa. Nikakubali kreti liingie, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Nilikaa mbele kabisa, kwenye ubao wa mwongozaji, na Mzee Severini akakaa pembeni yangu akiwa amekunja mikono. Nilifanya vizuri. Nasema bila haya, nilifanya vizuri mno. Nilisema kidogo, kwa sauti ndogo, nikawaonyesha mwari kabla hawajaruka, nikawaambia kiboko haogelei bali hutembea chini ya maji. Wakaguna kwa furaha. Tulipofika penye kundi kubwa Dido akazima injini na kushika upondo. Viboko walikuwa kumi na kitu, wamelala kwenye maji ya kina kifupi, na dume amejitenga upande wetu, si mbali, kama kutoka mlango wa msikiti hadi barabarani. Alikuwa anatutazama. Dume akitazama hivyo hataki fujo, wala sisi hatutaki. Na hapo hapo, nyuma yangu, nikasikia kitambaa chenye maua kikifunuliwa.

Kifungulio cha chupa kikatoka. Watu wakanyamaza bila kuambiwa. Nikageuka polepole, nikaona macho yote yamemwendea Direkta, na Direkta anavuta suruali yake ya maziwa juu ya magoti. Akakohoa mara moja. Mtu mzito namna ile akisimama kwenye boti yetu, mbele ya dume, sote tungekuwa majini. Na nitamwambiaje Direkta akae, mbele ya watu wake, mimi binti wa staje? Ijambo halikatizwi. Njia ilikuwa moja tu, kulikatiza kabla halijaanza. Akakohoa mara ya pili.

"Bwana Direkta, unisamee," nikasema kwa sauti ya chini. "Kwetu Burundi, mugeni anasemaka wa kwanza, mbele ya mwenye nyumba?"

Alikuwa ameshainua makalio kidogo kutoka kwenye benchi. Akabaki hapo.

"Apana," akasema.

"Hapa mugeni ni nani?"

"Ni sisi."

"Basi ukae, mwenye nyumba akukaribishe kwanza."

"Kaa, Papa Aline," akasema mkewe. "Mutoto iko na haki. Njo desturi."

Direkta akakaa. Alikaa kwa heshima zake zote, akaweka mikono magotini kama mgeni mwema, na watu wake wote wakanyoosha migongo kusikiliza. Nilihisi furaha kutoka kwenye unyayo. Mwaka mzima nilikuwa nimenyamaza, na sasa watu kumi na wawili wa Kigobe walikuwa wanangoja neno langu. Nilichopaswa kufanya ni kidogo: kusema sentensi mbili huku Dido akiturudisha nyuma.

"Amahoro," nikasema, nikiwasalimu kwa amani.

"Amahoro!" wakajibu.

Nikaanza kwa Kirundi changu cha Buyenzi, ambacho kina Kiswahili hadi magotini, na wakakipenda, nikawaona wanatabasamu kwa matamshi yangu. Nikawakaribisha kwenye mto. Nikaushukuru mto kwa kutupokea. Nikasema viboko ni watu wazima wanaopenda ukimya, na sisi tumekuja kwao na zawadi ya ukimya. "Sema, mwana!" akanong'ona mmoja wao, na hilo likaniharibu. Kwetu neno zuri halisemwi umekaa. Mdomo wangu ulikuwa umefundishwa mwaka mzima. Miguu haikuwa imefundishwa. Sijui nilisimama lini. Najua tu kwamba niliinua mkono kuonyesha ziwa, nikashangaa kuona vichwa vya wageni viko chini yangu.

Boti ikainama kulia, mtu akapiga yowe, kreti likateleza, chupa mbili zikaingia mtoni. Dume akanyanyuka kutoka majini na kufungua kinywa, na kinywa kile ukiwa mbali ni kitu cha kupiga picha, ukiwa karibu ni chumba. Mkono ukanikamata kitenge nilichofunga juu ya suruali, ukanivuta mara moja.

"Kaa," akasema Mzee Severini.

Nikakaa. Nilikaa juu ya kreti, Dido, wewe unajua kwamba nilikaa juu ya kreti, kwa sababu alama za vizibo nilitembea nazo wiki nzima. Dido alisukuma upondo mara tatu, nne, mgongo wake umekunjika, na tukarudi nyuma kwenye maji ya kina kirefu. Dume akatufuata hatua chache, akapuliza pua kwa kishindo, akamlowesha Direkta suti yote, akageuka. Halafu mke wa Direkta akavua miwani, akaifuta taratibu, akamwonyesha dume kwa kidole, akasema, "Njo ule mwenye nyumba. Amesema. Twende."

Walicheka wameziba midomo kwa mikono, na machozi yakawatoka, na boti ikatikisika kwa kicheko chao kuliko ilivyotikisika niliposimama. Direkta alicheka kuliko wote. Waliposhuka ufukweni walifungua kreti kwenye kibanda cha nyasi na maneno yakaendelea saa nzima, kila mtu akisimama kwa raha zake kwenye ardhi ngumu, na mimi nikatajwa katika kila hotuba. Sikukaa nao. Nilikwenda nyuma ya ofisi, nikakaa kwenye kivuli cha ukuta, nikalia. Nilikuwa nimeshika kazi kwa mkono wangu nikaiachia kwa miguu yangu. Niliona meza ya duka, mita ya kupimia vitenge, shangazi akinisogezea kiti.

Evarisiti akaja na soda, akakaa kando yangu bila kujali suruali yake.

"Nilikuwa nawaangalia na darubini," akasema. "Direkta akakaa. Nikasema, imekwisha, Zubeda ameshinda. Mara we unasimama."

"Unacheka nini sasa? Umepata kazi, nenda kafurahi."

"Zubeda, mi ningekuwa mbele pale, ningekuwa naangalia ndege. Direkta angesimama, angemaliza ijambo, tungekufa na makofi."

Nikacheka kwa nguvu, kamasi na machozi pamoja. Siku hizi Evarisiti anafundisha, na tukikutana mkewe huniuliza kama nimekaa. Wakati ule sikujua anasema kweli au ananibembeleza. Kabla sijamuuliza Mzee Severini akatokea kwenye kona ya ukuta, akatutazama wote wawili.

"Evarisiti," akasema, "nyama, ndege, zote unazijua kunipita mi."

"Asante, Mzee."

"Lakini nyama haina shida. Zinajua mambo yao. Shida iko batu. Asubui mugeni yako mumoja alisimama mara tatu, apige picha. Ulimuona?"

Evarisiti akafikiri, akatazama viatu vyake. "Apana, Mzee."

"Zubeda aliona Direkta anataka kusimama, mbele asimame. Mi mwenyewe sikumuona, nilikuwa naangalia dume."

"Lakini mimi nilisimama, Mzee," nikasema. Sijui kwa nini nilijishitaki. Mdomo wangu haujawahi kujua faida yake.

"Nilikuona. Njo maana nilikuvuta." Akageuka kuondoka. "Iko masista bane mu lango, banangoja boti. Unawe uso."

Nilinawa kwa maji ya jerikeni, nikafunga kitenge upya, nikashuka ufukweni. Masista wanne walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi na mikoba yao magotini, na Dido yuko nyuma akijifanya kukagua injini. Nikasimama kando, kama nilivyofanya kila siku ya mwaka ule, nikimngoja Mzee apande kwanza na kwenda mbele kwenye ubao wake. Alipanda. Akaushika ubao wa mbele kwa mkono ili asiyumbe, akauruka, akaenda hadi benchi ya katikati. Masista wawili wakasogea kumpisha. Akakaa kati yao, akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini kama mtu aliyefika kwa watu, akanitazama.

"Mwenye nyumba," akasema, "tukaribishe."

Nikapanda. Nikaenda mbele, nikakaa, nikapapasa ubao kwa mikono miwili kuhakikisha kwamba nimekaa. Ndipo nikawakaribisha.